Fundi anasema kibali cha paa la baraza si lazima. Je, ni kweli?

Swali: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba kitongojini, nje kidogo ya Dallas, Texas. Ni nyumba ya tofali, na nyuma kuna sakafu ya zege ya futi 12 kwa 20 ambako jua la mchana linapiga moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni. Fundi amesema atatufungia paa la mbao lililoshikana na nyumba kwa siku tatu, na kwamba kitu kidogo kama hicho hakihitaji kibali. Jirani anasema tutapigwa faini. Nani mkweli? Na tukitaka kibali, tunaanzia wapi?

Jibu: Dada, jirani ndiye aliye karibu na ukweli. Paa linaloshikana na nyumba huhitaji kibali karibu kila mji wa Texas, hata likiwa dogo. Nadhani fundi amechanganya na msamaha uliomo ndani ya IRC, kanuni ya ujenzi wa nyumba za kuishi ambayo miji huipitisha na kuifanyia marekebisho yake. Msamaha huo ni wa kibanda cha ghorofa moja kinachosimama peke yake na kisichozidi futi za mraba 200. Lenu linashikana na nyumba, halafu 12 mara 20 ni 240, kwa hiyo limekosa sifa zote mbili. Baadhi ya miji imeshusha kikomo hadi 120, na mingine hupima kingo za paa badala ya sakafu iliyo chini yake. Na hata aliyesamehewa kibali hajasamehewa kanuni: umbali kutoka mpakani na uimara wa jengo vinadaiwa vilevile.

Kuhusu faini, sheria ya Texas inauruhusu mji kutoza hadi dola 500 kwa kuvunja kanuni zake, na hadi dola 2,000 kanuni hiyo ikihusu usalama wa moto, mipango ya matumizi ya ardhi au afya ya jamii. Kinachouma zaidi ni kusimamishwa kazi paa likiwa nusu, kisha kuambiwa mfukue zege au mbandue dari ili mkaguzi aone kilichofichwa. Na siku mtakayouza nyumba, fomu ya muuzaji inayotakiwa na sheria ya jimbo ina swali la wazi: je, kuna nyongeza yoyote iliyojengwa bila vibali vilivyohitajika? Mtajibu nini?

Mnaanzia kwenye kujua nyumba yenu iko chini ya mamlaka gani. Anwani ya posta ikisema Dallas haimaanishi mko ndani ya mipaka ya mji wa Dallas. Fungueni ukurasa wa mthamini wa mali wa kaunti yenu, tafuteni nyumba kwa anwani, kisha tazameni orodha ya wanaowatoza kodi. Mji ulioandikwa pale ndio wenye idara ya vibali inayowahusu. Kama hakuna mji, mko eneo la kaunti pekee, na huko masharti huwa machache zaidi, ingawa kaunti bado itataka kujua kama kiwanja kiko kwenye bonde la mafuriko.

Kisha tafuteni kwenye karatasi za siku ya kununua nyumba ramani ya upimaji wa kiwanja. Karatasi hiyo moja inaokoa muda mwingi. Ina mistari ya mipaka, nyumba ilivyokaa, na mistari ya vitone nyuma au pembeni ambayo watu huidharau: ukanda wa huduma, yaani ardhi yenu ambayo kampuni za umeme, maji na mawasiliano zina haki ya kupitisha na kuchimba. Nguzo haiingii humo, na mara nyingi hata ukingo wa paa hauruhusiwi kuning'inia juu yake. Pimeni kwa futi kamba kutoka ukuta wa nyuma hadi uzio, kisha linganisheni na ramani, kwa sababu uzio wa Texas hauko kwenye mpaka kila mara. Ukingo wa paa ukisogea chini ya futi 5 kutoka mpaka wa jirani, kanuni ya moto inaanza kudai ulinzi wa ziada upande wa chini wa paa. Kwa baraza la kawaida ni heri kubaki nje ya futi hizo 5 kuliko kuanza kubishana nazo.

HOA, chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa wenu, ni mlango mwingine kabisa. Mji hauulizi chama kimesema nini, na chama hakijali mji umetoa kibali. Anzeni na chama, maana ndicho huchagua rangi, aina ya vigae vya paa na wakati mwingine umbo. Wakikataa, sheria ya Texas inavitaka vyama vingi viandike sababu na mabadiliko wanayotaka, nanyi mna siku 30 za kuomba kusikilizwa na bodi.

Sasa jambo ambalo litaamua kama michoro yenu itapita au itarudi: paa linashika wapi kwenye nyumba? Mafundi wengi wamezoea kufunga ubao ukutani kwa bolti, kisha wanaegesha makombamoyo, yaani mbao za mteremko zinazobeba paa, juu yake. Kwa nyumba ya tofali ya Dallas hilo halifai, na mhakiki wa michoro wa mji ataliona kwanza kabla ya kitu kingine. Ukuta wenu haubebi kwa tofali. Unabeba kwa fremu ya mbao iliyo ndani. Nje yake kuna upenyo mwembamba wa hewa, halafu tofali limesimama kama ganda, limeshikizwa kwenye fremu na vibati vyembamba. Bolti ikipita kwenye tofali na kukazwa, inavuta ganda hilo kuelekea kwenye upenyo mtupu. Uzito ukiongezeka tofali linapasuka kwenye maungio, maji yanaingia nyuma yake, na upepo wa dhoruba ukinyanyua paa, ganda linang'oka nalo. IRC inakataza waziwazi ubao wa kubeba sakafu ya nje kushikizwa kwenye ganda la tofali au mawe, na kwa paa wahakiki wanafuata mantiki hiyohiyo.

Zinabaki njia tatu. Ya kwanza ni kuondoa mistari ya tofali mahali ubao utakapokaa, kuufunga kwenye fremu yenyewe, kuweka bati la kukinga maji juu yake, kisha kurudisha tofali. Ni kazi safi lakini ghali. Ya pili ni kupandisha paa jipya juu ya paa la nyumba kwa vishikio vya chuma vinavyopenya vigae na kufungwa kwenye kenchi pale zinapokalia ukuta. Hii inapendeza na inaacha kichwa wazi, ila kila tundu kwenye vigae ni mahali pa kuvuja, na kenchi za kiwandani haziguswi bila barua ya mhandisi. Ya tatu ni kuongeza safu ya nguzo upande wa nyumba ili paa lisimame lenyewe bila kuigusa.

Kwa nyumba yenu ningechagua ya tatu. Sababu iko chini ya miguu: udongo mweusi wa mfinyanzi wa kaskazini mwa Texas hufura mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Msingi wa nyumba unacheza kwa kadiri yake, msingi wa nguzo zenu kwa kadiri yake nyingine, na paa lililofungwa pande zote mbili ndilo linalochanika katikati. Lililosimama peke yake linacheza lenyewe. Kibali bado kinahitajika kwa sababu ya zile futi 240. Mkilipunguza liwe 10 kwa 20, lisimame peke yake, huenda mji wenu ukawasamehe kibali cha jengo, lakini wapigieni kwanza. Umeme una kibali chake hata hivyo.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu mhakiki ataifanya hata kama ninyi hamkuifanya. Paa la kawaida hukokotolewa kwa mzigo wa muda (unaokuja na kuondoka, kama mtu anayepanda kulitengeneza) wa pauni 20 kwa kila futi ya mraba, na paa la mbao lenye vigae lina uzito wake wenyewe wa takriban 10. Jumla 30. Chukueni paa la kina cha futi 12 na boriti ya mbele ya futi 20 juu ya nguzo tatu. Nusu ya kina, futi 6, inaangukia boriti ya mbele. Nguzo ya kati inabeba futi 10 mara 6, yaani futi za mraba 60, sawa na pauni 1,800. Za pembeni zinabeba 900 kila moja. Mkisogeza nguzo za nyuma futi 2 kutoka ukutani ili msichimbe ubavuni mwa msingi wa nyumba, huku makombamoyo yakining'inia kufikia ukuta, nguzo ya kati ya nyuma inapanda hadi 2,160 na ya kati ya mbele inashuka hadi 1,440.

Kwa nini namba hizi zina maana? Kwa sababu fundi huenda akasema nguzo zitafungwa tu juu ya sakafu iliyopo. IRC ina kiambatisho cha paa za baraza kinachoruhusu hilo mahali ambapo ardhi haigandi kwa baridi, sakafu ikiwa na unene wa angalau inchi 3.5 na kila nguzo ikibeba si zaidi ya pauni 750, mizigo yote ikijumlishwa. Kati ya mizigo ya paa la mbao tuliyoitaja hapo juu, hakuna hata mmoja unaoingia kwenye 750. Paa jepesi la alumini ni habari nyingine: kiambatisho hichohicho kinakubali mzigo wa muda wa pauni 10, na alumini yenyewe ni kama 3. Nguzo tatu za mbele bado zinakwama, kwani ya kati inabeba 780. Nguzo nne zinapita, kwani kila moja ya zile za kati inabeba takriban 520 hadi 570. Ila kiambatisho kina nguvu pale tu mji ulipokipitisha, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua alumini.

Kabla ya yeyote kutoboa ile sakafu, ingieni gereji mtazame sakafuni karibu na mlango. Nyumba nyingi za eneo hilo zina msingi uliokazwa kwa nyaya za chuma ndani ya zege, na mara nyingi muhuri unaoonya dhidi ya kukata au kutoboa umegandishwa pale pale kwenye zege. Kila waya wa aina hiyo ulikazwa kwa takriban pauni 33,000. Keekee ikiugusa, waya unaweza kufyatuka kwa nguvu ya kuua, na msingi unapoteza sehemu ya uimara wake. Kama sakafu ya baraza ilimwagwa pamoja na nyumba, hesabuni kwamba nyaya zinapita humo pia. Kama kuna mstari wa utengano kati ya baraza na nyumba, huenda ni zege ya kawaida, lakini mhandisi athibitishe.

Mimi ningekwepa kadiri inavyowezekana: nguzo za mbele zikae nje ya ukingo wa sakafu, na kina cha paa kiongezeke kidogo; za nyuma, zinazoangukia ndani ya sakafu, zisichimbiwe kabla mhandisi hajathibitisha. Kwa udongo wa mfinyanzi usiopimwa, IRC inakubali pauni 1,500 kwa futi ya mraba, kwa hiyo shimo la mviringo la inchi 18, lenye kitako cha futi za mraba 1.77, linatosha kwa mizigo tuliyoitaja. Kina cha chini kabisa kikanuni ni inchi 12 ndani ya udongo usiochimbuliwa, lakini kwa udongo unaofura hicho ni kidogo mno. Mhandisi mara nyingi atataka mwende chini zaidi, na katika miji mingi ya huko muhuri wa mhandisi ndio unaofanya msingi ukubalike bila maswali. Shimo la inchi 18 na kina cha futi 3 linakula zege la futi za ujazo 5.3, kama mifuko tisa ya pauni 80. Zege hilo lina uzito wa takriban pauni 800, na uzito huo si wa bure: upepo ukiingia chini ya paa lililo wazi unalinyanyua kama mwavuli, na kinachoshikilia nguzo chini ni zege.

Ndiyo maana mchoro lazima uonyeshe mnyororo wote wa vyuma kutoka juu hadi chini. Kishikio cha dhoruba kwenye kila kombamoyo, kofia ya chuma inayofunga boriti kwenye nguzo, kitako cha chuma kinachofunga nguzo kwenye zege na kuiinua inchi moja ili isinywe maji. Andikeni aina na namba ya kila kishikio. Mbao zilizotiwa dawa hula chuma cha kawaida, kwa hiyo misumari, bolti na vishikio viwe vya kuchovya zinki au chuma kisichoshika kutu. Nguzo za 6x6 (vipimo hivi ni vya inchi) zilizotiwa dawa, boriti ya mbao mbili za 2x10 kwa kila upana wa futi 10, makombamoyo ya 2x8 kila inchi 16: hayo ni mahali pazuri pa kuanzia. Na kwa kuwa paa halishiki nyumba, wekeni mikono ya mshazari kati ya nguzo na boriti, pande zote mbili. Bila hiyo paa linayumba kama meza mbovu, na mhakiki atarudisha mchoro.

Mteremko unawasumbua wengi kuliko wanavyotarajia. Vigae vya lami vinahitaji mshuko wa angalau inchi 2 kwa kila inchi 12, na chini ya inchi 4 vinadai tabaka mbili za karatasi ya kuzuia maji chini yake. Kwa kina cha futi 12, inchi 2 kwa 12 ni mshuko wa inchi 24. Kama paa linaanzia chini ya ukingo wa paa la nyumba, futi 8 kutoka sakafuni, mbele litabaki na futi 6, na mgeni mrefu atagonga kichwa. Mabati yanayopishana yaliyopakwa gundi ya kuzuia maji kwenye maungio yanakubali nusu inchi kwa 12, mshuko wa inchi 6 tu. Hapo mnabaki na nafasi, ila toeni kimo cha boriti. IRC inataka dari isipungue futi 7 na upande mrefu wa baraza uwe wazi angalau asilimia 65 ikiwa madirisha ya vyumba vya kuishi yanategemea mwanga na hewa kupitia humo. Wekeni pia gata na mfereji wa kushusha maji. Sheria ya maji ya Texas inakataza kuelekeza maji yakamharibie jirani.

Maombi yenyewe siku hizi hupelekwa mtandaoni. Kwenye faili wekeni fomu, nakala ya ramani ya upimaji mliyochorea paa kwa vipimo hadi kila mpaka, mchoro wa juu wenye nguzo na misingi, mchoro wa pembeni wenye vimo na mteremko, mchoro mmoja wa mkato (paa kana kwamba limekatwa katikati) unaoonyesha maungio, na barua ya mhandisi. Michoro hurudi kwa sababu zilezile: hakuna umbali kutoka mipakani, paa limeingia ukanda wa huduma, vishikio havikutajwa, au tofali halikuzungumziwa. Ikirudi, jibuni kila hoja kwa namba yake na mweke alama mahali palipobadilika, msipeleke michoro mipya kimya kimya. Kwa sheria ya jimbo mji una siku 45 za kukubali au kukataa. Ada hutofautiana, lakini tangu 2019 miji ya Texas hairuhusiwi kuipanga kwa thamani ya nyumba au gharama ya ujenzi. Mkiulizwa mtatumia dola ngapi ili ada ipangwe, mna haki ya kuuliza kwa nini.

Kibali kikitoka, pigeni 811, namba ya simu ya huduma ya kuonyesha mabomba na nyaya zilizo chini ya ardhi, siku mbili za kazi kabla ya kuchimba. Ni bure, na watakuja kuchora mistari ya gesi na umeme. Hawachori mabomba yenu wenyewe ya kumwagilia nyasi, na hayo ndiyo hukatwa kila mara. Ukaguzi wa kwanza ni wa mashimo, kabla ya zege. Wa pili ni wa fremu, kabla ya dari. Wa mwisho kazi ikiisha. Zege likimwagwa kabla mkaguzi hajaona shimo, hana namna ya kupitisha msingi. Kazi isipoanza ndani ya siku 180, au ikisimama kwa muda huo, kwa kawaida kibali kinakufa.

Hapo mnaona kwamba siku tatu za fundi haziwezekani. Texas haina leseni ya jimbo kwa wajenzi wa kawaida, kwa hiyo neno "nina leseni" lina uzito kwa fundi umeme na fundi bomba, si kwa mjenga paa. Muulizeni kama ataomba kibali kwa jina lake. Akisisitiza muombe ninyi, makosa yote yanakuwa yenu mbele ya mji. Gaweni malipo kwa ukaguzi: sehemu baada ya mashimo kupita, sehemu baada ya fremu, na ya mwisho baada ya karatasi ya mwisho kusainiwa. Na someni mkataba wote wawili: kwa nyumba mnayoishi, mkataba wa kuiwekea dhamana kwa deni la ujenzi hausimami bila saini ya mke na mume kabla kazi haijaanza.

Mkitaka feni na taa, semeni sasa hivi, ili kibali cha umeme kiende pamoja na ukaguzi wa fremu. Feni iwe ya kuvumilia unyevu, na kisanduku chake kiwe kile kilichotengenezwa kubeba feni. Na mkifikiria kuzungusha vioo baadaye, mwambieni mhandisi mapema, kwa kuwa paa lililofungwa kuta halihesabiwi tena kama baraza, upepo unalisukuma kwa namna nyingine, na kibali hiki hakitalifunika.